Foleni ya Shimoni

Kamba ilikaza kabla mtu yeyote hajaitwa.

Fundo aliiona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amepiga magoti hatua chache kutoka mdomo wa shimo, akihangaika kumvua Bi Dirisha mkanda wa kupandia uliokuwa umeng'ang'ania mapajani. Kamba ilikuwa imelala legevu juu ya kipande cha turubai pale ukingoni. Ghafla ikajinyoosha, ikalia kidogo kwenye boliti ya mwambani, kisha ikatulia ikiwa imenyooka kama mstari wa rula. Ndivyo kamba inavyofanya mtu anapoiachia uzito wake wote kule chini. Lakini kule chini alikuwa amebaki mtu mmoja tu, kaka yake, na kaka yake hakuwa ameitwa.

"Nani kamwita Kaka?" aliuliza.

Meneja aligeuka. Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, mikono kiunoni, mahali pale pale alipokatazwa kusimama tangu asubuhi.

"Sijamwita kwa jina. Nimeita tu. Wewe umekwama na mama hapo, mvua inakuja, nikasema nisogeze mambo. Nikaita, 'Anayefuata!'"

"Umesema nini?"

"Anayefuata. Kwani kuna ubaya?"

Fundo alifumba macho akavuta pumzi. Jina hilo la Fundo walimpa wateja, kwa sababu hakuna fundo aliloliamini mpaka alifungue na kulifunga upya kwa mkono wake. Yeye na kaka yake waliishi kwa kazi hiyo ya kuwapeleka watu mapangoni. Kaka alitangulia chini na kutoka wa mwisho, Fundo alikaa juu na kamba. Usiku wa kuamkia safari hakupata usingizi, alilala akihesabu kulabu kichwani. Leo walikuwa wamewaleta wafanyakazi wa ofisi ya maji, watu wa kupokea bili na malalamiko, na tangu walipofika hakukuwa na jambo lililokwenda sawa. Meneja alikuja na viatu vya ngozi vya kuendea kikaoni. Akataka kushuka wa kwanza, akapanda wa kwanza, na katikati akasimama kupigwa picha akiwa ananing'inia. Mlinzi wa ofisi, pande la mtu, alikula chakula cha wote kabla hawajashuka. Bi Dirisha, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekaa nyuma ya kioo cha kupokelea wateja, alilia wakati wa kushuka na akalia tena wakati wa kupanda.

Yote hayo Fundo aliyameza. Sharti lake moja tu ndilo aliloomba liheshimiwe: anayeita watu kutoka shimoni ni yeye peke yake, na kila mtu anaitwa kwa jina lake. Shimoni sauti inagonga ukuta na kurudi imevunjika, na ukisema tu "njoo", huwezi kujua atakayeitika ni nani.

"Lakini amebaki kaka'ko tu," Meneja alisema. "Sasa anayefuata atakuwa nani mwingine? Dada, wewe unapenda kujitafutia presha."

Hilo lilikuwa na mantiki, na ndiyo maana lilimkera zaidi. Alijilaza kifudifudi ukingoni, akawasha taa ya kichwani.

"Kaka! Uko kwenye kamba?"

Kutoka mbali sana, si chini ya shimo bali ndani kabisa kwenye njia ya pembeni, sauti ya kaka yake ikaja ikirukaruka kwenye miamba.

"Bado! Niko huku ndani nafungua kamba ya pili! Kwani kuna moto? Tulia, mdogo wangu!"

Hapo nyuma yake Mlinzi alicheka. "Sasa kama yeye yuko ndani, hapo kwenye kamba kuna nani? Popo?"

Fundo aliweka kiganja juu ya kamba. Ilikuwa ngumu kama chuma, na ilikuwa inatetemeka. Ilivuta, ikatulia. Ikavuta, ikatulia. Aliujua mdundo ule kuliko alivyoujua mlio wa moyo wake mwenyewe. Ni mdundo wa mtu anayepanda: unanyanyua mguu, unasimama, unapumzika. Ila vifaa vya kupandia vina meno, na meno yale hugonga kila yanapouma kamba, tik, tik. Huu mdundo haukuwa na sauti yoyote.

"Itakuwa imenasa kwenye jiwe," alisema, zaidi akijiambia mwenyewe. "Mlinzi, njoo tuivute kidogo."

Mlinzi alikamata kamba kwa mikono miwili akavuta, mishipa ikamtoka shingoni. Haikusogea hata upana wa kidole. Halafu akaiachia ghafla na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Ya moto," alisema, na utani wote ulikuwa umemwisha. "Kiongozi, hii kamba ina joto la mkono wa mtu."

Ndipo ile harufu ilipopanda. Kwanza ilikuwa kama utambi wa taa uliozimwa sasa hivi. Kisha nyuma yake ikaja nyingine nzito, ya nguo zilizoloa zikakaukia mwilini, zikaloa tena, zikakaukia hapo hapo, bila mwenyewe kupata nafasi ya kwenda kubadilisha. Bi Dirisha alijiziba pua.

"Hii harufu naijua," alinong'ona. "Inakuwaga pale kwetu mlangoni, siku za foleni ndefu."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka. Fundo aliyaangalia yakipiga turubai, na hasira yake, iliyokuwa inazunguka tangu asubuhi ikitafuta pa kukaa, ikageuka kuwa hofu. Mvua ikinyesha juu, kijito cha ndani hujaa haraka, na sakafu ya shimo ni ndogo kama chumba cha kulala.

"Kaka! Achana na hiyo kamba! Njoo chini ya shimo sasa hivi!"

Safari hii alisikia buti za Kaka zikichapa maji. Duara dogo la taa yake likatokea kule chini, likaelea, kisha likainuka kuelekea juu.

"Maji yameanza kuingia huku," alisema Kaka, akihema. "Nipe nafasi nipande. Lakini... dada, umemshusha nani tena?"

"Sijamshusha mtu."

"Basi kuna mtu hapa katikati ya kamba. Namulika miguu yake."

"Ana viatu gani?" Lilikuwa swali la kipuuzi, alilijua hivyo hata likiwa bado mdomoni, lakini akili yake ilikuwa inatafuta kitu kidogo cha kushika.

Duara la taa ya Kaka lilipanda na kushuka. "Sijui. Taa inafika hapo alipo halafu inaishia hapo."

Fundo alisogeza kichwa mbele mpaka kidevu kikavuka ukingo, akamulika chini, akaona kuta za shimo zikishuka, zimelowa, zinang'aa, kila mkunjo wa mwamba mahali pake kama alivyozoea kuuona, mpaka katikati, pale ambapo kuta zilikoma kuonekana na badala yake palikuwa na kitu kirefu kuliko mtu, cheusi bila kuwa na rangi nyeusi, kimejishika kwenye kamba kwa utulivu wa mtu asiye na haraka tena, na alipokuwa bado anajiambia kwamba ni kivuli, ni kivuli tu, kile kitu kiliinua upande wake wa juu kama mtu anayeinua uso, kikamwangalia bila macho.

"Samahani," kilisema. "Nimeitwa."

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomtia Fundo baridi ya mgongo. Ilikuwa sauti ya chini, ya adabu, iliyochoka, sauti ya mtu aliyefika alfajiri akakuta mlango umefungwa.

"Hujaitwa wewe," Fundo alisema.

"Nimesikia kwa masikio yangu. Anayefuata. Na anayefuata ni mimi. Hapa nimesubiri tangu kabla huo mwamba unaolalia haujapasuka. Wengi wamepita juu hapo wakiitana majina. Leo ndiyo nimeitwa mimi."

Meneja alikuwa amerudi nyuma mpaka akagonga mti. "Mwambie kulikuwa na makosa," alinong'ona. "Mwambie tumeghairi."

"Mwambie mwenyewe! Si wewe uliyeita?"

"Dada, mimi nina watoto."

"Na mimi nina kaka!"

Kamba ikavuta, ikatulia. Ikavuta, ikatulia. Kile kitu kilikuwa kinapanda. Mvua ilikuwa imeshika kasi sasa, na kule chini maji yalianza kunguruma. Fundo aliifikiria kamba ya pili na akataka kulia kwa ghadhabu: ilikuwa ndani, upande wa Kaka, imefungwa kwenye shimo dogo ambalo Meneja alisisitiza lazima walione ili picha ziwe nzuri. Kwenye mkanda wake mwenyewe kulikuwa na kisu. Kukata kamba ilikuwa kazi ya sekunde moja, lakini kaka yake hakuwa na njia nyingine duniani ya kutoka.

"Dada, maji yamefika kifuani!"

"Jifunge kwenye kamba chini yake! Panda kidogo utoke kwenye maji, halafu usimame hapo! Usimsogelee!"

Alisikia vifaa vya Kaka vikiuma kamba, tik, tik, tik, halafu vikanyamaza. Alingoja matusi yake. Kaka alikuwa mtu asiyejua kusubiri. Chai aliinywa ikiwa ya moto mpaka akaunguza ulimi, na kwenye benki alishindwa kukaa akatoka nje kabla hajahudumiwa. Angekuwa anapiga kelele sasa. Badala yake ilikuja sauti nzito, ya mtu anayesinzia.

"Dada, muache apite. Mimi nitasubiri tu. Hapa hapana shida."

"Kaka?"

"Nitasubiri tu."

"Ni kijana mzuri," ile sauti nyingine ilisema, na sasa ilikuwa karibu kiasi kwamba harufu ya nguo mbichi iliwaka puani. "Amekubali kunishikia nafasi. Maana foleni haiachwi tupu. Mimi nikitoka, yeye anakaa mahali pangu, mpaka naye aje aitwe."

Bi Dirisha alitoa mlio mdogo kama wa paka. Mlinzi alikuwa amekaa chini kwenye matope, mikono kichwani. Fundo aliangalia turubai pale ukingoni na kuona inaanza kubonyea, kwanza kidogo, kisha zaidi, kama vile vidole visivyoonekana vinapapasa kutafuta pa kushika, na katika woga ule aliwaangalia hao watu wa ofisi ya maji, na badala ya dua au kilio kitu kilichomjia kilikuwa ni ile asubuhi aliyosimama mbele ya kioo chao na bili isiyo yake mkononi, na asubuhi iliyofuata, na iliyofuata, na jinsi kila alipofika mbele, baada ya jua lote lile, aliambiwa maneno yale yale mawili na akageuka, akaenda nyumbani, kwa sababu hakuna mtu aliyezaliwa anayejua la kuyajibu.

Akamkamata Bi Dirisha mkono, akamburuta mpaka ukingoni.

"Mwambie."

"Nimwambie nini, mwanangu? Niache!"

"Mwambie kile mnachotuambia sisi."

"Sisi hatusemi kitu, tunahudumia..."

"Mama! Umeniambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, huku unakunywa soda! Kaka yangu yuko kule chini! Mwambie!"

Bi Dirisha aliangalia chini. Fundo hakujua aliona nini, lakini uso wa yule mama ulibadilika polepole. Machozi yakakauka, midomo ikabana, mabega yakashuka, mpaka akawa yule yule wa nyuma ya kioo, asiyekuangalia hata anapokutazama.

"Muda wa kazi umekwisha," alisema. "Njoo kesho."

Mvua ilikuwa inanyesha, na maji yalikuwa yananguruma, lakini kwenye kamba palikuwa kimya. Vile vidole viliacha kupapasa.

"Nilikuwa nimeshafika," ile sauti ilisema.

"Tumefunga. Njoo kesho."

Pumzi ndefu ikatoka shimoni, ya baridi, ya kuvunjika moyo, na Fundo, ingawa meno yalikuwa yanagongana, alihisi karibu amwonee huruma.

"Sawa," ile sauti ilisema. "Nikija, nimuulizie nani?"

Bi Dirisha alirudi nyuma hatua moja. Kila mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni anajua kwamba bila jina huondoki. Wote wakamgeukia Meneja. Meneja alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa, mikono imekutana kifuani, kile kiburi chote cha asubuhi kimemwisha, na viatu vyake vya ngozi vimezama kwenye tope. Kule chini taa ya Kaka ilikuwa inafifia. Fundo hakufikiri. Alikuwa ameshika kamba ya watu kwa miaka yote hii, na ni yeye aliyewapeleka pale.

"Niulizie mimi," alisema. "Mwenye kamba. Fundo."

"Fundo," ile sauti ilirudia taratibu, kama mtu anayejiwekea kitu mfukoni.

Ule uzito kwenye kamba ukaanza kushuka. Fundo akakumbuka kwamba kati ya kile kitu na sakafu ya shimo alikuwapo kaka yake, ananing'inia.

"Kaka! Fumba macho! Fumba, na usiseme neno, hata ukisemeshwa!"

Alilala pale na kiganja juu ya kamba, akihisi ule uzito ukishuka, ukishuka, mpaka mahali pamoja kamba ikabeba uzito wa wawili na ikalia mlio ambao hakuwahi kuusikia kwenye kamba yoyote, na ukakaa hapo, ukakaa, muda wa mtu kuinamia sikio la mwenzake na kunong'ona jambo refu, kisha ukaendelea chini, na alipodhani sasa kifua chake kitapasuka, kamba ikalegea ghafla na kubaki na uzito wa mtu mmoja tu, uzito aliouzoea.

"Kaka," alisema, na sauti yake ilipasuka katikati. "Panda."

Tik. Tik. Tik.

Alipomvuta juu ya ukingo alikuwa ameloa, anatetemeka, na alikuwa anatukana. Fundo hakuwahi kusikia matusi matamu kama yale.

Nyumbani, Kaka hakukumbuka kitu. Alisema aliteleza, akanywa maji mengi, akashikwa na usingizi wa baridi. Fundo alipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. "Bi Dirisha kamfukuza jini? Wale wanaweza, siwakatalii." Fundo akamwambia hawarudi mapangoni, akamwambia asifungue mlango mtu akibisha mchana, yeyote yule, na Kaka akamwambia aende akalale.

Kesho yake, muda wa kazi, kulibishwa hodi.

Fundo hakufungua. Alisimama nyuma ya mlango, pua imejaa utambi uliozimwa, akasema kama alivyofundishwa. "Leo haiwezekani. Njoo kesho." Pumzi ndefu ya baridi ikapita chini ya mlango. "Sawa." Kikaenda. Kesho yake kikaja, naye akakiambia njoo kesho. Siku za mapumziko hakikuja. Siku za kazi hakikukosa, na hakikulalamika hata mara moja. Ulikuwa ni upole ule uliomchosha. Angalau kingetukana, angalau kingepiga mlango teke, naye angepata cha kukasirikia. Alikonda. Akaacha kutoka. Alijua maana ya uchovu wake: alikuwa amegeuka kuwa mtu wa nyuma ya kioo, na mtu wa nyuma ya kioo akiinuka kwenye kiti chake hata kidogo, lazima mwingine akae mahali pake.

"Huyo jamaa yako," Kaka alisema siku moja wakila, "kama ni posa, mkubalie. Kama unadaiwa, sema nikuchangie. Maana unavyomfanyia si ubinadamu. Namsikia akiondoka. Anatia huruma."

"Usifungue, Kaka. Nakuomba."

"Haya, haya."

Siku hiyo Fundo aliingia bafuni kuosha nywele, mapema kuliko muda wa hodi, kwa uangalifu wake wote wa kupanga mambo. Alikuwa na povu machoni na bomba linamwaga maji alipohisi ile harufu, kabla ya wakati wake, na alipofunga bomba akasikia mlango wa mbele ukirudishwa, taratibu, kama unavyofungwa na mgeni mwenye adabu.

"Dada!" Kaka aliita. "Mgeni wako yuko ndani. Nimechoka kumsikia akirudishwa kila siku, nimemwambia apite akae."

Fundo alishika ukuta. Maji ya povu yalimtiririka mgongoni.

"Kaka, toka hapo. Toka nje sasa hivi. Unanisikia?"

"Mbona mtu mpole tu! Kaniomba kitu kidogo, nimshikie nafasi yake, nikamwambia hamna shida."

Nyumba yao ilikuwa ya sakafu moja, imejengwa juu ya udongo mgumu usio na pango wala shimo. Fundo alitoka mbio na taulo, akafika sebuleni, akaona kiti kimoja kimevutwa nje kidogo na kitu kirefu kimekaa juu yake, kimeinamisha upande wake wa juu kama mtu anayengoja kusemeshwa.

"Kaka?" aliita.

"Niko hapa," Kaka alijibu, kwa sauti nzito ya mtu anayesinzia, ikirukaruka kwenye miamba, kutoka chini, mbali sana chini ya miguu yake. "Wewe mhudumie tu. Mimi nitasubiri."